Kiharusi: Saa 24 Si Ruhusa ya Kungoja

Kwa miaka mingi, ndugu msomaji, wagonjwa wa kiharusi waliotoka mbali walilakiwa hospitalini kwa neno moja: mmechelewa. Dawa ya kuyeyusha donge la damu, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 1996, ilipaswa kudungwa katika muda wa saa 3 tangu dalili zianze. Baadaye, mwaka 2008, utafiti ulionyesha kuwa yaweza kufaa hadi saa 4 na nusu. Kwa mkazi wa Ozi, kijiji kilichoko ukingoni mwa Mto Tana karibu na mahali unapoingia baharini, muda huo humwishia njiani.

Leo hesabu imebadilika, na ni haki ya watu wa Ozi kujua.

Kiharusi ni cha aina mbili. Kuna kile kinachotokea mshipa wa damu unapopasuka ndani ya ubongo, na kile kinachotokea mshipa unapozibwa na donge la damu. Kwa aina hii ya pili, mshipa uliozibwa ukiwa mkubwa, mgonjwa huzidiwa sana: upande mzima wa mwili hufa ganzi, maneno hupotea, macho huelekea upande mmoja. Wagonjwa hawa ndio hufa kwa wingi au hubaki kitandani maisha yao yote.

Siku hizi daktari aliyefunzwa kazi hiyo huweza kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinena, akaupandisha hadi ubongoni na kulinasa donge kwa kiwavu cha waya, au kulifyonza. Mwaka 2015 tafiti kadhaa, ya kwanza ikiwa ya Uholanzi, zilithibitisha kuwa tiba hii inafaa katika saa 6 za kwanza. Kisha mwaka 2018 zikachapishwa mbili nyingine, DAWN na DEFUSE 3, zilizowashughulikia waliochelewa. DAWN iliwachukua wagonjwa 206 waliokuwa kati ya saa 6 na 24. Baada ya siku 90, waliotolewa donge walioweza kujitegemea walikuwa 49 katika kila 100. Kwa wale ambao hawakutolewa, walikuwa 13 tu.

Utauliza, yawezekanaje ubongo kungoja muda wote huo? Mkulima wa mpunga ataelewa upesi. Mfereji mkuu ukiziba, shamba halikauki lote kwa mara moja. Sehemu inayopata maji kidogo kutoka vijifereji vya kando hubaki na unyevu kwa muda. Ubongo nao una mishipa midogo ya kando. Kwa baadhi ya watu hiyo hutosha kuihifadhi sehemu kubwa kwa saa nyingi, na kwa wengine haitoshi hata saa chache. Picha ya CT skani pamoja na kipimo cha mtiririko wa damu ndiyo humwonyesha daktari kama kuna kitu cha kuokoa.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Habari hii ya saa 24 yaweza kusikika vibaya kwa njia mbili. Wapo watakaosema, "Muda upo, tungoje kupambazuke." Hao wajue kuwa wataalamu wamekadiria kuwa mshipa mkubwa ukizibwa, chembe za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Na wapo watakaosema, kama ilivyosemwa zamani, "Amekwisha chelewa, mwacheni nyumbani." Hao nao wamkumbuke mama aliyelala salama akaamka hawezi kusema. Wagonjwa wengi wa DAWN walikuwa wa namna hiyo hasa.

Kawia ufike, walisema wazee. Lakini kufika wapi? Kutoka Ozi mgonjwa huteremka kwa mashua hadi Kipini, kisha gari hadi Witu, Minjila, Malindi na pengine Mombasa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalipoikata barabara ya Lamu, hata njia hiyo ilikuwa taabu. Nayo tiba yenyewe ni ya hospitali kubwa chache za mijini. Si Kenya peke yake: uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa katika nchi nyingi, wanaoipata hawafiki 3 katika kila 100 wanaoihitaji.

Je, tukate tamaa? Mimi sikubali. Sidai Garsen ijengewe chumba cha kutolea madonge. Ninachodai ni mnyororo usiokatika. Mashua ya Ozi ihesabiwe kuwa ambulensi, iwe na mafuta na nahodha anayejulikana, usiku na mchana. Zahanati iwe na namba ya kupiga na daktari wa zamu wa kujibu. Mgonjwa asipelekwe hospitali isiyo na CT skani akalazwa siku mbili, ilhali Malindi na Mombasa kuna ndege za Nairobi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya bima ya afya ya 2023 nayo iliunda mfuko wa dharura na magonjwa mahututi. Haki hizo ziwe na maana hata ng'ambo ya mto.

Nawe msomaji una wajibu wako. Ukiona uso umepinda, mkono hauinuki au maneno hayaeleweki, ondoka na mgonjwa mara moja. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Daktari huhesabu kuanzia hapo, na saa hiyo yaweza kuamua kama atatibiwa au la. Usimpe chakula wala maji, maana huenda hawezi kumeza. Usimpe aspirini kabla ya picha, kwani kama mshipa umepasuka utamzidishia. Usimpe vidonge vya presha vya jirani. Mlaze kiubavu akiwa anatapika au amezimia. Kama jamaa wanataka dua, isomwe ndani ya mashua.

Na kabla ya yote hayo, pima presha. Ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, na haina maumivu ya kukuonya. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliotumwa vijijini kuanzia Septemba 2023 waliandaliwa na mashine za kuipimia. Mwite wa kwenu akupime, na ukipewa dawa usiiache kwa sababu unajisikia vizuri.

Siku ikifika mgonjwa wa Ozi akafikishwa Mombasa katika saa ya kumi tangu augue, asikubali jamaa yake kuambiwa tu kwamba wamechelewa. Aombe picha ipigwe kwanza. Jibu limo ndani ya ubongo wa mgonjwa, halimo katika saa ya ukutani peke yake.