Mzazi yuko duarani, mtoto yuko na tangazo

Kila inapohojiwa haki ya makampuni kuwatangazia watoto vyakula vya sukari, jibu huwa limekwisha kuandaliwa: huo ni wajibu wa mzazi. Mzazi azime runinga. Mzazi aseme hapana. Jibu hili lina sura ya hekima, ndiyo maana limedumu. Na kwa kuwa limedumu, wachache hujisumbua kuuliza linamlinda nani.

Tumtazame basi huyo mzazi anayesemwa. Katika ukanda wa dhahabu, tangu Kakola na Kahama hadi Katoro, Rwamgasa na Nyarugusu, baba huingia duarani alfajiri na pengine hatoki hadi giza limeingia. Mama yuko kwenye kuponda mawe, au ni mama lishe anayewapikia wachimbaji. Mtoto akitoka shule hubaki na dada yake asiyemzidi sana umri, au huenda kwa jirani mwenye king'amuzi, ama hujipenyeza katika kibanda umiza. Hapo ndipo tangazo linapomkuta: katuni inayorukaruka, wimbo mfupi usiotoka kichwani, bakuli la nafaka iliyopakwa sukari, na mtoto mwenzake anayecheka ndani ya nyumba yenye sakafu ya vigae. Muuzaji hulipia saa za vipindi vya watoto kwa sababu ndizo saa ambazo watoto wapo. Kisha tunamwambia mzazi azime runinga ambayo hata si yake.

Nafaka za boksi zenyewe, nikiri, bado ni chakula cha wenye mishahara wa Shinyanga mjini, Kahama na Geita. Lakini mbinu ni ileile, na huko machimboni hufika kwa sura ya biskuti, juisi ya unga na soda. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayehitaji takriban kalori 1,400, asilimia 10 ni gramu 35. Soda moja ya mililita 350 hummalizia kiasi hicho chote. Nazo nafaka nyingi zilizopakwa sukari huwa na theluthi nzima ya uzito wake ikiwa sukari, huku boksi likijisifu kwa vitamini.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haimtambui mtoto kuwa mtu awezaye kuingia mkataba, kwa kuwa hajafikia umri wa kupima anachokubali. Mtoto wa miaka sita hawezi kuuza baiskeli yake ikatambulika kisheria. Lakini mtu mzima mwenye shahada ya masoko anaruhusiwa kukaa naye sebuleni, bila mzazi kuwapo, amshawishi, kisha amtume kwa mama yake akalie. Kilio hicho ndicho bidhaa halisi ya tangazo. Sijaona bado mwanasheria aliyenieleza kwa nini ulinzi ule unakoma pale kioo cha runinga kinapowashwa.

Wazazi nao nisiwapambe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawataja kwa wajibu wao, chakula kikiwa miongoni, na wapo wasioutimiza ilhali wana uwezo. Yupo baba ambaye jiwe likitoa dhahabu hurudi na kreti la soda, wala hakumbuki maziwa wala dagaa. Tena tumejifunza kuona haya: michembe na matobolwa, vilivyowakuza Wasukuma vizazi na vizazi, leo vinaitwa chakula cha shida, na uji wa ulezi humfanya mtoto achekwe. Haya hiyo haikuota yenyewe. Tangazo limeimwagilia kwa miaka, hasa katika miji ya machimbo ambako familia nyingi hazilimi tena, na kinacholiwa nyumbani huamuliwa na rafu ya duka. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi ya namna hiyo, shilingi ya mama mponda mawe kuhamishwa kutoka kwenye maharage kwenda kwenye sukari yenye rangi si jambo la hiari ya mlaji tu.

Wamarekani walilijaribu hili mapema. Mwaka 1978 Tume yao ya Biashara ilipendekeza kuzuia matangazo ya runinga kwa watoto wadogo mno kuyaelewa. Gazeti la Washington Post likaikejeli kuwa yaya wa taifa, na mwaka 1980 Bunge lao likaipokonya tume nguvu hiyo. Mwaka huohuo wa 1980 jimbo la Quebec, Kanada, lilianza kupiga marufuku matangazo kwa walio chini ya miaka 13, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaibariki sheria hiyo mwaka 1989. Chile, tangu 2016, imeondoa wanyama wa katuni kwenye maboksi ya nafaka zenye sukari nyingi.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mwaka 1994 Tanzania ilitunga kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa mbadala wa maziwa ya mama. Hakuna aliyesimama kusema mama ajue mwenyewe, azibe masikio. Tulikubali kwamba kampuni yenye fedha na mama aliyejifungua jana hawapambani kwa nguvu sawa. Ni hoja gani inayomlinda mtoto wa miezi mitano ikamwacha wa miaka mitano?

Ninachodai ni kidogo. Waziri mwenye dhamana ya habari aandike katika kanuni za maudhui kwamba chakula na kinywaji chenye sukari nyingi hakitangazwi ndani ya vipindi vya watoto wala kwa katuni, na TCRA isimamie. TBS, iliyokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019, idai kiasi cha sukari kiandikwe mbele ya pakiti, kwa Kiswahili, kwa vijiko. Kamati za shule za Geita na Kishapu ziamue nani anauza nini langoni. Haya yakishafanyika, mniite tumkaripie yule baba wa kreti la soda. Nitakuwa wa kwanza kufika.