Kadi ya Kliniki Inaishia Miaka Mitano

Mathe bado ana kadi yangu ya kliniki. Iko kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, pamoja na cheti cha ubatizo na risiti ya televisheni iliyoungua kitambo. Kuna uzito wangu wa siku ya kwanza, chanjo ya surua, na ule mstari wa vidoti unaopanda kwenye grafu, unashuka kidogo mahali fulani (malaria, anasema), kisha unapanda tena. Nafikisha miaka mitano na grafu inaisha. Si kwamba mathe alichoka kunipeleka. Karatasi ndiyo iliyoisha. Kuanzia hapo, kwa serikali ya Kenya, sikuwa na mwili tena mpaka siku niliyougua.

Sasa niseme kitu ambacho marafiki zangu wengi hawatakipenda: tunahitaji kufuatiliwa.

Najua. Kwa mtu wa umri wetu neno hilo lina harufu mbaya. Tangu Juni 2024, kufuatiliwa ni Subaru iliyoegeshwa nje ya geti. Kabla ya hapo ilikuwa ni zile programu za mkopo, unakopa elfu mbili, ukichelewa siku tatu shangazi yako wa Kitale anapigiwa simu na mtu asiyemjua. Mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, wakarudi nyumbani na sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Kwa hivyo ukimwambia msee wa Umoja kwamba kuna watafiti wanataka kumpima damu kila baada ya miaka michache mpaka awe na mvi, atakuuliza analipwa ngapi na nani anauziwa. Ni maswali halali. Lakini tumeyauliza kwa muda mrefu hadi tukasahau kuuliza lingine: nani anajua kilichotupata?

Chukua risasi. Sio ya bunduki, ile madini iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa kufikia Januari 2006. Kama ulizaliwa Nairobi kabla ya hapo, ukabebwa mgongoni kwenye steji ya Githurai huku mathree zikinguruma, uliivuta. Mimi niliivuta. Kiasi gani? Sina namba, na wewe huna.

Kuna watu walio na namba yao. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti waliwachukua watoto 1,037 waliozaliwa hospitali moja kati ya Aprili 1972 na Machi 1973, wakaamua kutowaacha. Waliwapima wakiwa na miaka 3, 5, 7, 9, 11, na kuendelea hivyo hadi utu uzima. Meno, mapafu, hasira, shule, kazi, ndoa, madeni, kesi mahakamani. Walipofika miaka 45, waliokuwa hai ni 997, na 938 kati yao walijitokeza kupimwa. Asilimia 94! Hapa kwetu mkutano wa chama cha plot nzima haufikishi nusu. Siri yake si uchawi. Aliyehamia ng'ambo hukatiwa tiketi ya ndege arudi kupimwa. Na wanayosema hayatolewi kwa mtu mwingine.

Wakiwa na miaka 11, wengi wao walipimwa risasi kwenye damu. Mwaka 2017 ikachapishwa ripoti ya 565 kati yao, wakiwa tayari wamefika 38. Waliokuwa na risasi nyingi utotoni walikuwa nyuma ya wenzao kwa kama pointi 4 katika kipimo cha akili, na walielekea zaidi kuteleza chini kimaisha, kwenye kazi za chini kuliko walivyotarajiwa kutokana na nyumba walizotoka. Na hapa ndipo pananiuma. Dunedin, mtoto wa tajiri na wa maskini walivuta moshi uleule, kwa hivyo hakuna aliyeweza kusema tatizo ni umaskini wao au wazazi wao. Kipimo kilinyoosha kidole kwenye petroli.

Sisi tukiteleza tunaambiwa nini? Kwamba hii generesheni ni ya wavivu. Kwamba simu zimetuharibu. Kila mtu mwenye maikrofoni ana maelezo, na hakuna aliye na grafu.

Mtu ataniambia Kenya ina tafiti kibao. Ni kweli. Kilifi wanahesabu kaya tangu mwaka 2000. Korogocho na Viwandani wamehesabiwa tangu mwanzoni mwa miaka hiyo, nani kazaliwa, nani kafa na kwa nini. Ni kazi nzito na imeokoa watu, siidharau. Lakini iangalie vizuri: inafuata mahali, haifuati mtu. Ukizaliwa Korogocho uko kwenye daftari. Mama akipata kibarua Kayole mkahama, mnaandikwa "wamehama" na stori yenu inaishia hapo. Na maisha ya mtaani ni nini kama si kuhama? Wanaobaki kwenye daftari ni waliobaki, na tunajifunza mengi kuhusu mtaa huku tukijua machache kuhusu alikofika yule mtoto.

Wala usiniambie hii ni anasa ya wazungu. Soweto na Johannesburg walianza mwaka 1990, wakati Mandela ametoka gerezani juzi tu, wakaandikisha watoto 3,273. Jina la mradi lilikuwa Birth to Ten. Miaka kumi ikaisha wakaendelea, ukawa Birth to Twenty, na hawakuishia hapo. Waingereza nao waliandikisha karibu kila mtoto aliyezaliwa wiki moja ya Machi 1958, zaidi ya 17,000, na watoto hao sasa ni wazee. Isitoshe, jamii zetu kadhaa zilikuwa na marika muda mrefu kabla ya hao wote. Rika lilipewa jina la njaa au ugonjwa wa mwaka huo ili isisahaulike nani alipitia nini. Sisi wa petroli tumepewa jina gani?

Pesa, mtasema. Sawa. Tafiti nyingi hapa huendeshwa na ufadhili wa nje wa miaka mitatu au mitano, na mtoto hakui kwa mzunguko wa mfadhili. Ndiyo maana jambo hili lazima liwe kwenye bajeti yetu wenyewe, na data ikae hapa, chini ya sheria yetu ya 2019 ya kulinda data, na kila mshiriki apewe majibu yake mkononi kwa lugha anayoielewa. Bila hilo la mwisho mimi mwenyewe sitapanga foleni.

Na kama hatujui tuanzie wapi, tuanzie Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa ukutani mwa nyumba za watu mpaka 2014. Risasi ilikutwa kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido na wenzake wakapigana, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Ni ushindi, na waliushinda kwa jasho. Lakini fidia ni ya kilichokwisha kutokea, na Dunedin imetuonyesha kwamba risasi haimalizi kazi yake utotoni. Hukumu inalipa mara moja. Mtoto anahitaji daktari wa kumuona akiwa na 15, na 21, na 30, aandike, na amwambie.

Mtoto aliyekuwa na miaka miwili siku kiwanda kilipofungwa atafikisha 38 mwaka 2050. Kuna mtu anajua sasa hivi yuko shule gani?