Kila Mtu Anataka Punda, Hakuna Anayetaka Kumlea

Nikiwaambia marafiki zangu wa Nairobi kwamba nafuga punda, swali la kwanza ni lile lile: "Wa nini sasa?" Halafu kicheko. Wangependa niseme farasi. Farasi anapendeza kwenye picha, na wazee wa Kitale bado wanakumbuka farasi wa masetla. Lakini mimi sijawahi kuona farasi akishusha mahindi sokoni. Anayefanya kazi hiyo ni punda, na punda ndiye tunayemmaliza.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana. Sai nimepanga chumba Kitale, naandika, na siku nyingi za wiki niko Kimilili, Kaunti ya Bungoma, kwa Kukhu. Hapo ndipo wako punda wangu: majike watatu na dume mmoja. Wazo lilikuwa rahisi. Kila kijana wa mkokoteni ananunua punda, kwa hivyo lazima kuna mtu anayewazalisha. Nilimtafuta huyo mtu nikamkosa. Wengi wananunua kutoka kwa mtu aliyenunua kwa mwingine, na mnyama akichoka anauzwa mbele.

Kazi yenyewe haina maringo. Saa kumi na mbili asubuhi ni maji kwanza, tena maji safi, kwa sababu punda akiona machafu anaweza kukataa kabisa hata kama ana kiu. Halafu nainua kwato moja moja nikitoa matope na mawe. Nakagua mabega na mgongo kama kamba imeacha kidonda. Wanakula nyasi kavu na mabua ya mahindi. Na lazima kuwe na kibanda, maana manyoya ya punda hayazuii maji kama watu wanavyodhani. Mvua ya huku chini ya Mlima Elgon inamlowesha hadi kwenye ngozi.

Sasa njoo kwenye hesabu. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa. Punda hubeba takriban miezi 12, na kwa kawaida anazaa mtoto mmoja tu. Mtoto ananyonya karibu miezi sita, na hafai kuvuta mzigo mzito mpaka afike miaka mitatu au minne. Kutoka siku ya kupandwa hadi siku ya kwanza ya kazi ni miaka minne au mitano. Wewe ungekuwa umeshamaliza digrii. Mimi je? Tuache hayo.

Ndiyo maana biashara ya ngozi ilituumiza. Kuanzia 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini, ngozi zikaenda China kuchemshwa na kutengenezwa ejiao, dawa ya kienyeji ya huko. Wizi ukaongezeka. Watu walikuwa wakiamka na kukuta mabaki ya punda wao kichakani, ngozi imeshachunwa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 Kenya. Ya 2019 ilihesabu kama milioni 1.2 hivi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji 2020, mahakama ikaondoa marufuku hiyo 2021. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Sawa. Lakini tusimtupie mtu wa mbali lawama zote. Mimi pia nimemkosea punda.

Msimu wa kuvuna mahindi mwaka juzi, nilikuwa na deni la nyumba. Jike wangu anaitwa Safari, na alikuwa na mimba ya miezi tisa. Kijana mmoja akaja kumkodi kwa shilingi 600 kwa siku. Nilijua haifai. Kukhu aliniambia, "Mjukuu wangu, huyo yuko wawili." Nikamjibu ni siku tano tu. Siku ya nne walimpakilia magunia manane kwenye barabara ya matope. Usiku ule mimba ikatoka. Nilipata shilingi 2,400, nikapoteza punda ambaye ningemngoja miaka mingine minne. Kijana hakuwa mkatili. Alikuwa na bosi wa kulipa jioni, na mimi ndiye niliyemkabidhi kamba.

Tuna msemo kwamba asante ya punda ni mateke. Mimi nauliza, asante ya nani? Amebeba maji ya mama yako, mahindi ya ada yako, mchanga wa nyumba yako. Akipiga teke mara moja tunamtungia methali.

Najua jibu: watu wana njaa, huwezi kumpumzisha mnyama na watoto hawajala. Ni kweli, na ndiyo sababu nasema suala hili ni la pesa kabla ya kuwa la huruma. Jike mwenye mimba akipumzishwa miezi mitatu ya mwisho, unapata punda wa pili bila kununua. Vijana wa mkokoteni wakichanga kama chama, wakanunua majike wawili wa kuzaa tu, baada ya muda hawatamtegemea dalali. Na daktari wa mifugo wa kaunti akija kijijini, asiulize ng'ombe peke yao. Aulize na punda.

Safari ana mimba tena, mwezi wa kumi sasa. Wiki iliyopita simu ililia, mtu anataka kumkodi, safari hii 800. Deni la nyumba bado liko. Nilimwambia jike yuko likizo ya uzazi. Alicheka sana, halafu akauliza huyo mtoto nitamuuza lini.