MOTA ISIHUKUMIWE KABLA YA KUPIMWA



Siku hizi pikipiki na skuta za umeme zimeingia katika barabara za Nairobi, na wenzetu wengi wazitumia kutafuta riziki. Lakini kuna desturi moja isiyofaa. Chombo kikikataa kwenda, dereva huambiwa, "Mota imekufa," akatozwa bei ya mota mpya. Naye alikichukua kwa malipo ya kidogo kidogo: chombo kikilala, deni halilali.

Sisi twasema, mota isihukumiwe kabla ya kupimwa. Mota iliyo ndani ya gurudumu haina brashi za kulika kama mota za zamani. Ina sumaku, nyaya za shaba, vihisi vidogo na beringi. Mara nyingi ugonjwa uko nje yake.

Kwanza, betri. Yaweza kuonyesha imejaa chombo kikiwa kimesimama, na nguvu ikaanguka mara mzigo unapoingia. Pili, swichi ya breki. Mkono wa breki usiporudi vizuri, umeme wa mota hukatwa, na chombo hakisogei. Tatu, plagi zilizoingia maji na kutu. Mota ikitetemeka bila kuzunguka, huenda waya mmoja katika zile tatu nene umekatika, au kihisi kimeharibika. Kihisi si mota, wala bei yake si bei ya mota.

Nne, toeni betri, ngojeni umeme uliobaki uishe, hakikisheni breki haishiki, kisha zungusheni gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, chomoeni zile nyaya tatu nene karibu na kontrola, ncha zisigusane. Likiwa jepesi sasa, kosa li katika kontrola. Likibaki zito, hapo ndipo mota, au waya wake, vyashukiwa kwa haki.

Wengine watajibu kwamba hiyo ni kazi ya fundi, si ya dereva. Ni kweli. Lakini anayelipa ana haki ya kuona anacholipia. Tena fundi naye ni mfanyi kazi mwenzetu. Akinyimwa mita na kuhimizwa amalize vyombo vingi kwa siku, atafanya nini ila kubadilisha kitu kizima? Lawama isimwangukie yeye peke yake, bali na tajiri wake.

Kwa hiyo yafaa tudai mambo matatu. Chombo kipimwe mbele ya dereva. Kosa liandikwe katika karatasi ya malipo. Na kila kitu kilichotolewa, dereva akabidhiwe akione.

Haya si maombi ya hisani. Ni mapatano ya haki kati ya mtu na jasho lake. Dereva na fundi wakisimama pamoja, hakuna atakayelipishwa mota nzima kwa kosa la waya mmoja.