Barua ya wazi kwa Rais: Maridhiano kwanza, kura ya maoni baadaye

Kwa Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan,
Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Ikulu, Chamwino, Dodoma.

Mheshimiwa Rais,

 Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Bashay, wilayani Mbulu. Nakuandikia kuhusu Katiba mpya, na hasa kuhusu ubishi ninaousikia kila mahali: nani aamue, wananchi kwa kura ya maoni au wawakilishi wao ndani ya bunge?

Niruhusu nianze na kijiji. Kila kijiji cha Tanzania Bara kina vyombo viwili. Ipo Halmashauri ya Kijiji, ambayo wajumbe wake hawazidi 25 na tunawachagua wenyewe. Upo pia Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kukaa, kusema na kunyoosha mkono. Halmashauri haiwezi kugawa ardhi mpaka mkutano huo uridhie. Kwa hiyo uwakilishi na kura ya wote ni mambo tunayoishi nayo.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano katika kijiji cha jirani. Ajenda ilikuwa eneo la malisho: libaki la mifugo au ligawiwe mashamba? Halmashauri ya wakati huo haikuwa imekaa na wafugaji wala kwenda kuliona eneo lenyewe. Mwenyekiti akasema, "Wanaokubali ligawiwe, mikono juu." Wakulima walikuwa wengi, na mikono ikawa mingi. Pembeni yangu alikaa mzee wa Kidatoga. Hakunyoosha mkono wala hakusema neno. Alikung'uta vumbi kwenye shuka lake, akaokota fimbo, akaondoka kabla muhtasari haujasomwa. Msimu ule ng'ombe waliingia kwenye mahindi usiku, na kesi zikajaa kwenye baraza la kata.

Baadaye ikaja halmashauri nyingine. Wajumbe wake walitembea na wazee wa pande zote mbili hadi lamboni. Wakakubaliana mapito ya mifugo yawe wapi na mashamba yaishie wapi, wakaweka mawe ya mpaka, ndipo wakaitisha mkutano. Watu walikuwa wale wale na utaratibu wa kunyoosha mikono ulikuwa ule ule. Safari hii mzee yule alinyoosha mkono wake. Tofauti ilikuwa ni kazi iliyofanywa kabla ya kura.

Mheshimiwa Rais, jambo hili unalijua kuliko mimi, kwa sababu Zanzibar ililifanya ukiwa Waziri katika Serikali yake. Uchaguzi baada ya uchaguzi, Unguja na Pemba zilikuwa zimegawanyika karibu nusu kwa nusu, na mwaka 2001 watu walipoteza maisha. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, wakakutana na kupatana. Baraza la Wawakilishi likaupokea mwafaka ule, kisha wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010. Asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ukapita kwa utulivu. Viongozi walipatana, wawakilishi wakaridhia, wananchi wakapiga muhuri.

Majirani zetu Wakenya walijaribu njia zote mbili. Novemba 2005 walipelekewa rasimu ambayo viongozi wao hawakuwa wamekubaliana juu yake. Ndizi ilikuwa alama ya ndiyo na chungwa alama ya hapana. Hapana ilishinda kwa takriban asilimia 58, lakini ugomvi haukuishia hapo. Kambi zilizozaliwa na kampeni ile ndizo zilizoingia katika uchaguzi wa Desemba 2007, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Mwaka 2010 walifanya kinyume chake. Kamati ya Wataalamu iliandika, wabunge wakajadiliana mpaka wakaelewana, Bunge likapitisha, na tarehe 4 Agosti takriban asilimia 67 ya wapiga kura wakasema ndiyo. Kura ya maoni ikikuta watu wamepatana, inathibitisha. Ikikuta wamegawanyika, inawahesabu tu, na anayehesabiwa kuwa mchache huondoka na kinyongo.

Wapo wanaosema basi tuwaachie wawakilishi kila kitu. Wana hoja, na historia yetu inawaunga mkono kwa kiasi. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Kama lingekuwa jambo la kura ya maoni, mfumo wa vyama vingi usingeingia mwaka 1992. Viongozi walitazama mbali, wakawasikiliza wale wachache. Hilo lilikuwa tendo la hekima na tunalishukuru.

Lakini wawakilishi nao hukosea, na wewe ulikuwepo. Mwaka 2014 ulikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba, chini ya Mzee Samuel Sitta. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imezunguka nchi nzima na kuleta rasimu yenye mambo ambayo wananchi waliyasema kwa vinywa vyao: muundo wa serikali tatu, ukomo wa ubunge, na haki ya wananchi kumwondoa mbunge asiyewafaa. Mle bungeni waliingia wabunge wote, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais. Hakuna hata mmoja aliyechaguliwa na wananchi kwa ajili ya kazi hiyo. Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka. Waliobaki wakaondoa hayo yote matatu, na tarehe 2 Oktoba wakapitisha Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika. Nakala yangu ninayo hadi leo sandukuni. Karatasi zimekuwa za manjano, na kura haijapigwa.

Leo mpasuko ni mkubwa kuliko wa 2014. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifanyika bila chama kikuu cha upinzani kushiriki. Siku ya kura damu ilimwagika, intaneti ikazimwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Kuna wazazi waliozika watoto wao. Bunge lililotokana na uchaguzi huo, peke yake, haliwezi kuwaambia wazazi hao kwamba Katiba litakayoiandika ni yao. Na kuirudisha karatasi ya 2014 ili tuseme ndiyo au hapana kutakuwa sawa na mwenyekiti yule aliyeita mikono juu kabla hajafika lamboni.

Kwa hiyo naomba mambo manne.

Kwanza, maridhiano yatangulie, na yawe ya kweli. Walio nje ya meza waitwe mezani, na wanaodai haki kwa ajili ya ndugu zao waliokufa wasikilizwe hadi mwisho.

Pili, wajumbe wa Bunge Maalum jipya tuwachague wenyewe, kwa kazi hiyo moja tu, na asiye na chama aruhusiwe kugombea. Mbulu ina neno la kusema hapa. Mwaka 1960, mwaka uliozaliwa wewe, TANU ilishinda viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Watu wa huku walimchagua Herman Elias Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Tanganyika haikuvunjika, na mwaka uliofuata tukapata uhuru. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Hukumu hiyo bado inasubiri kutekelezwa.

Tatu, sharti la kura mbili lilindwe: rasimu ipite kwa zaidi ya nusu ya kura za Tanzania Bara na zaidi ya nusu ya kura za Zanzibar. Uingereza haikuweka sharti kama hilo mwaka 2016. Ilijitoa Umoja wa Ulaya kwa asilimia 51.9, huku Scotland na Ireland ya Kaskazini zikiwa zimepiga kura ya kubaki, na manung'uniko hayo hayajaisha. Muungano wetu usibebeshwe mzigo wa namna hiyo.

Nne, muundo wa Muungano upewe swali lake peke yake. Mwananchi asilazimishwe kumeza mamia ya ibara kwa neno moja la ndiyo, au kuzitema zote kwa sababu ya ibara moja.

Mheshimiwa Rais, wazee wetu wa Kiiraqw huku Mbulu hukaa, husema kwa zamu, na hawafungi kikao mpaka aliyekuwa anapinga awe amesema yote aliyonayo. Mwishoni mzee mmoja husimama kutoa slufay, maneno ya baraka, na wengine wote humwitikia. Baraka hiyo haiwezi kuitikiwa na nusu ya kikao huku nusu nyingine imeshaondoka.

Tuletee mwafaka kwanza, kisha tuletee karatasi ya kura. Ukifanya hivyo, Bashay tutakuwa kwenye foleni kabla jua halijachomoza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu,
Bashay, Mbulu, Manyara.