Ulaya na Haki ya Kumfukuza Mfanyakazi

Tarehe 3 Februari 2022, Spika wa Bunge la Hispania, Meritxell Batet, alitangaza kwamba mabadiliko ya sheria ya kazi yameanguka. Upinzani ukashangilia. Muda mfupi baadaye akajisahihisha: kura za ndiyo zilikuwa 175, za hapana 174, na sheria imepita. Mbunge mmoja wa upinzani, aliyepiga kura kwa kompyuta bila kuwamo ukumbini, alikuwa amehesabiwa upande wa ndiyo. Chama chake kilidai kuna hitilafu ya mfumo, lakini matokeo yakabaki yalivyo.

Kura hiyo moja iliamua jambo ambalo Ulaya imelivutania kwa vizazi: mwajiri awe na uhuru kiasi gani wa kumwachisha mtu kazi, na ni nani hasa alindwe na sheria. Kwa maoni yangu, kosa kubwa la sheria za kazi barani humo kwa miaka arobaini iliyopita ni kuwagawa wafanyakazi mafungu mawili. Fungu la kwanza lilibaki na ajira ya kudumu na ulinzi wake wote. La pili, ambalo wengi wake ni vijana, wanawake na wahamiaji, lilipewa mikataba ya miezi mitatu mitatu na kuambiwa lisubiri.

Tusianze na picha ya kupendeza kupita kiasi kuhusu zamani. Hadi mwaka 1875, mfanyakazi wa Uingereza aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha aliweza kufungwa jela, ilhali mwajiri aliyevunja mkataba huohuo alidaiwa fedha tu. Mwaka huo Bunge la London likaifuta adhabu hiyo kwa watu wake. Miongo mitatu baadaye iliibukia huku kwetu. Kenya iliwekewa sheria ya mabwana na watumishi mwaka 1906, Tanganyika nayo mwaka 1923, na kibarua aliyetoroka shambani kwa mzungu alishtakiwa kama mhalifu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wa Kiafrika nchini Kenya wakalazimishwa kutembea na kipande kilichoandikwa walikofanya kazi na lini waliondoka. Dola iliyomwondolea minyororo mfanyakazi wa Manchester ndiyo iliyomfunga yule wa mashamba ya Thika. Anayeisimulia historia ya haki za kazi za Ulaya kama mwendo wa kusonga mbele tu ameacha nje sehemu hiyo.

Ulinzi dhidi ya kufukuzwa bila sababu ni jambo la juzi hata huko kwenyewe. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria yake mwaka 1951, ikimtaka mwajiri aeleze sababu inayokubalika kabla ya kumwondoa mtu. Uingereza ilingoja hadi 1971. Baina ya miaka hiyo kulikuwa na kazi tele, viwanda vilikimbizana kutafuta watu, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu ya kugoma na kusikilizwa.

Italia ndiko jambo hili lilikogharimu damu. Baada ya migomo mikubwa ya vuli ya 1969, bunge lilipitisha mwezi Mei 1970 sheria inayojulikana kama Hati ya Wafanyakazi. Kifungu chake cha 18 kilisema kwamba katika kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 15, aliyefukuzwa isivyo haki hapewi fidia na kuambiwa kwaheri. Jaji anaweza kuamuru arudishwe kazini pake na kulipwa mishahara aliyoikosa. Kwa mtu wa kiwandani Torino, hiyo ilikuwa na maana kwamba anaweza kumkatalia msimamizi jambo la hatari na keshoye akaingia kazini kama kawaida.

Profesa Gino Giugni, mmoja wa waandishi wakuu wa sheria hiyo, alipigwa risasi na kundi la kigaidi la Brigate Rosse mwaka 1983, akanusurika. Massimo D'Antona, mwanasheria mwingine wa kazi aliyekuwa mshauri wa serikali, aliuawa Roma mwaka 1999. Marco Biagi, aliyekuwa akiandaa mapendekezo ya kulegeza masharti ya ajira, aliuawa Bologna tarehe 19 Machi 2002. Siku nne baadaye umati mkubwa ulijaa uwanja wa Circo Massimo jijini Roma kukitetea kifungu hicho cha 18, na uliulaani pia ugaidi uliokuwa umemuua mtu ambaye mawazo yake waliyapinga. Naiheshimu sana siku hiyo.

Kukilegeza kifungu hicho, jambo lililoshindikana mwaka 2002, kulifanyika baadaye kwa hatua. Mwaka 2012, Italia ikiwa imebanwa na madeni, haki ya kurudishwa kazini ilipunguzwa. Mwaka 2015 serikali ya Matteo Renzi iliiondoa karibu yote, lakini kwa walioajiriwa kuanzia tarehe 7 Machi mwaka huo tu. Matokeo yake, watu wawili wanaosimama kwenye mashine moja na kulipwa mshahara mmoja walikuwa na haki tofauti kwa sababu mmoja aliingia Februari na mwenzake Aprili. Huyu wa pili akifukuzwa kwa uonevu, alipewa fidia iliyokokotolewa kwa miaka ya utumishi wake. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ilikataa hesabu hiyo ya kimashine na kuwarudishia majaji uhuru wa kupima. Kura ya maoni ya Juni 2025, iliyotaka kuifuta kabisa sheria ya 2015, ilibatilika kwa sababu ni takriban watu 30 katika kila 100 waliojitokeza, na sheria inadai zaidi ya nusu.

Wapo wanaosema uchache huo unaonyesha kwamba wananchi hawajali. Mimi nauona kama tunda la mgawanyiko wenyewe. Kijana ambaye hajawahi kushika mkataba wa kudumu atavutwa na nini kwenda kupigania masharti ya kuuvunja?

Hispania iliifuata njia ya mafungu mawili kabla ya wengine. Mwaka 1984, wasio na kazi wakikaribia moja ya tano ya nguvu kazi, serikali ya Felipe González iliruhusu mikataba ya muda hata kwa kazi za kila siku zisizo za muda. Wenye ajira za kudumu hawakuguswa, kwa hiyo malalamiko yalikuwa machache. Kufikia miaka ya 1990 theluthi ya walioajiriwa nchini humo walikuwa kwenye mikataba ya muda. Mgogoro wa 2008 ulipofika, hao ndio walioondolewa kwanza, tena kwa gharama ndogo, na mwaka 2013 ukosefu wa ajira ulipita asilimia 26. Serikali ya Mariano Rajoy ilikuwa imekwisha kupunguza fidia ya kufukuzwa isivyo haki kutoka mshahara wa siku 45 kwa kila mwaka wa utumishi hadi siku 33.

Sheria iliyopita kwa kura moja ilikwenda kinyume na mwelekeo huo. Ilikuwa imejadiliwa kwa miezi baina ya Waziri wa Kazi Yolanda Díaz, vyama vikuu viwili vya wafanyakazi na chama cha waajiri, na wote wakatia saini. Mkataba wa kudumu ukawa ndio wa kawaida. Wa muda ukabaki kwa kumshikia mtu nafasi au pale kazi inapoongezeka kwa kipindi. Fidia ya siku 33 haikuguswa. Waliotabiri kwamba waajiri wangeacha kuajiri walikosea: sehemu ya wenye mikataba ya muda ilishuka kutoka takriban robo hadi karibu watu 16 katika kila 100, na idadi ya watu wanaofanya kazi ikapanda hadi kuvunja rekodi.

Kasoro zipo. Baadhi ya mikataba inayoitwa ya kudumu ni ya msimu, na wengi huondolewa ndani ya muda wa majaribio. Serikali yenyewe, kupitia hospitali na shule zake, imebaki mwajiri mkubwa wa watu wa muda. Hata hivyo, msichana wa hoteli kule Málaga mwenye mkataba usio na tarehe ya mwisho anaweza kukodi nyumba na kukopa benki.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ya mwajiri mdogo. Mwenye karakana ya watu wanne akiogopa kwamba hataweza kumwondoa mzembe, ataajiri watatu. Hoja hiyo siipuuzi, na Denmark imeijibu vizuri kuliko nchi nyingine. Huko kumwondoa mtu ni rahisi kiasi, lakini anayeondoka analipwa mafao hadi miaka miwili, anapewa mafunzo, na nyuma yake kuna vyama ambavyo takriban theluthi mbili ya wafanyakazi ni wanachama wake. Wanasiasa wengi wa Ulaya walioisifu Denmark walichukua sehemu ya kwanza, ile ya bei nafuu, wakaziacha nyingine.

Uingereza imechezea zaidi muda wa kungoja. Kabla hujaweza kudai kwamba umefukuzwa isivyo haki, ni lazima uwe umetumikia kipindi fulani, na kipindi hicho kimekuwa miaka 2, kikashuka hadi miezi 6, kikapanda tena hadi miaka 2 mwaka 1985, kikawa mwaka 1 mwaka 1999, na kurudi miaka 2 mwaka 2012, kutegemea nani yuko madarakani. Sheria iliyopita Desemba 2025 inakishusha hadi miezi 6 kuanzia Januari 2027. Miezi 6 ndiyo Tanzania Bara iliyokwisha kuiweka katika sheria yake ya ajira ya mwaka 2004.

Sasa limetokea fungu la tatu, la watu ambao kampuni zinakana kabisa kwamba ni wafanyakazi wake. Waendesha baiskeli wanaopeleka chakula Madrid na madereva wa Uber mjini London na Paris waliambiwa ni wafanyabiashara wanaojitegemea, huku programu ya simu ikiwapangia bei, njia na adhabu. Mahakama ya juu ya Ufaransa ilikataa dai hilo Machi 2020, ya Hispania ikafuata Septemba mwaka huo, na ya Uingereza Februari 2021. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha agizo mwaka 2024: pale dalili zinapoonyesha kwamba kampuni inamwongoza na kumdhibiti mtu, achukuliwe kuwa mwajiriwa, na kampuni ndiyo ithibitishe kinyume.

Hatari ni ileile ya Hispania ya 1984, kwa sababu agizo linaziachia nchi zenyewe kuamua dalili hizo ni zipi, na kampuni zina mawakili wa kushinikiza ziwe chache. Wabunge wa Ulaya wasiandike upya kosa walilotumia miaka arobaini kujaribu kulifuta. Mwisho wa kuliingiza agizo hilo katika sheria za nchi ni tarehe 2 Desemba 2026.