Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe



Mgeni wa ng'ambo akija na ujuzi wake, tusimpime kwa zawadi alizobeba. Tumpime kwa anachotuachia mikononi.

Twendeni bara, mkoani Mara, pande za Mugumu. Huko shirika la Hope for Girls and Women, lililoanzishwa na mama Rhobi Samwelly, huwahifadhi mabinti wanaokimbia ukeketaji. Limeshirikiana na Crowd2Map, mradi wa ramani ulioanza 2015. Watu wa nchi mbalimbali hujitolea kuchora barabara na nyumba kutoka picha za satelaiti, na wenyeji hutia majina ya vijiji. Binti akiomba msaada usiku, waokoaji wanaijua njia. Mgeni huondoka, ramani hubaki. Hilo ndilo jembe.

Ila sitara ilindwe. Sura ya binti aliyekimbia si kumbukumbu ya safari ya mtu. Kesho naye ni bibi harusi, ana heshima yake. Mwenyeji asione haya kusema, "Picha hapana."

Nanyi wenye vikundi huku visiwani, mkaribisheni mgeni, mpeni jembe. Funguo za nyumba shikeni wenyewe.